Jinsi ya Kujisalimisha kwa Mungu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Karibu kila Mkristo ameshawahi kusema, "Bwana, nakupa maisha yangu yote." Tumeyasema maneno hayo katika wimbo, katika mkesha, wakati mwingine kwa machozi ya kweli. Kisha kesho yake hasira ni ileile, matumizi ya fedha ni yaleyale, na yule ndugu tusiyesemeshana naye bado hatumsemeshi. Sala ile haikuwa ya uongo. Tatizo ni kwamba "maisha yangu yote" ni maneno mapana mno, na moyo wa binadamu hujificha vizuri sana ndani ya maneno mapana. Ni rahisi kumpa Mungu yote kwa jumla kuliko kumpa kitu kimoja chenye jina.

Kwa hiyo mwongozo huu unakupeleka kwenye kitu kimoja kimoja: kukitaja, kukikabidhi, kisha kutii jambo dogo linalothibitisha kwamba umekikabidhi. Tafuta muda usio na haraka, mahali pa faragha, Biblia, daftari na kalamu. Simu iache chumba kingine. Si lazima umalize hatua zote kwa kikao kimoja. Kwa kweli ni heri usimalize.

Kabla ya yote: mjue unayejikabidhi kwake

Watu wengi huruka hapa, na ndiyo sababu sala zao za kujitoa hujaa hofu. Paulo aliandika sura 11 za Waraka kwa Warumi akieleza rehema ya Mungu kwa wenye dhambi, ndipo katika 12:1 akasema, "Basi, ndugu zangu, nawasihi, kwa huruma zake Mungu, itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai." Huruma inatangulia, dhabihu inafuata. Anayejaribu kujitoa kwa Mungu anayemwona kama mdai mkali atatoa kidogo, huku akikiangalia kwa jicho la pembeni kile alichobaki nacho.

Jiulize kwa uaminifu: ukifikiri Mungu ameshika kila kitu chako mkononi mwake, unahisi nini kwanza? Ikiwa jibu ni woga kwamba atakunyang'anya na kukuadhibu, simama hapa kwa wiki nzima. Soma Luka 15, Warumi 8, na Yohana 13 hadi 17, polepole, sehemu ndogo kila siku. Kaa sana na Warumi 8:32, panaposema kwamba Mungu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe bali alimtoa kwa ajili yetu sote. Huyo ndiye anayekuomba ujitoe. Yeye alianza kutoa.

Na kama hujawahi kumwamini Kristo hata kidogo, mlango ni toba na imani. Mwambie kwa maneno yako kwamba umetenda dhambi, kwamba unaamini alikufa na kufufuka kwa ajili yako, na kwamba unamtaka awe Bwana wako. Tafuta kanisa linalofundisha Biblia, uzungumze na mchungaji au padri kuhusu ubatizo. Hatua zinazofuata ni zako pia, kwa maana kujisalimisha huanza pale mtu anapookoka na huendelea maisha yote.

Hatua ya 1: Mwambie Mungu unachokitaka kweli

Katika Gethsemane, Yesu hakuanza na "mapenzi yako yatendeke." Alianza kwa kuomba kikombe kile kimwondokee. Mathayo anasema alirudia maneno yale yale hata mara ya tatu, na Luka anasimulia jasho lake likidondoka chini kama matone ya damu. Mwana wa Mungu, asiye na dhambi, alisema wazi kwamba hakutaka maumivu yale. Kumbe kutaka jambo tofauti na njia iliyo mbele yako si uasi. Uasi ni kulishikilia baada ya Mungu kusema.

Andika basi kwenye daftari unachokitaka, bila kukipamba. "Nataka kuolewa." "Nataka mwanangu apone." "Nataka yule aliyeniumiza naye aumie." Ndiyo, hata hilo la mwisho. Mungu analijua tayari, na Zaburi zimejaa maombi makali kuliko hayo. Hana, mama yake Samweli, alipodhaniwa na kuhani Eli kuwa amelewa, alijibu kwamba amemimina roho yake mbele za Bwana. Tamaa isiyosemwa mbele za Mungu hubaki ndani ikitawala kimyakimya.

Hatua ya 2: Taja unachokishikilia, kisha ukipange katika aina yake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami nakusihi uipe muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Anza na sala ya Zaburi 139:23-24: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha nyamaza. Usikimbilie kujaza ukurasa. Maswali haya husaidia: Ni kitu gani nikikipoteza nitaona maisha hayana maana tena? Ni somo gani likihubiriwa natamani ibada iishe? Ni nani ambaye jina lake likitajwa mwili wangu unakaza? Ni sehemu gani ya matumizi yangu ya fedha ambayo nisingependa mtu yeyote aione? Ninafanya nini nikiwa peke yangu usiku na simu mkononi? Nimekasirika na Mungu kwa sababu gani?

Usisahau mambo mazuri. Yule mtu tajiri wa Marko 10 alikuwa mtu mwema kabisa; amri alizishika tangu ujana wake. Yesu akamkazia macho, akampenda, akamgusa mahali pamoja tu, penye mali yake nyingi, naye akaenda zake kwa huzuni. Zakayo, ambaye pia alikuwa tajiri, hakuambiwa auze vyote. Alisimama mwenyewe akatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Kwa hiyo usinakili orodha ya mwenzako. Mwingine anashikilia fedha, mwingine sifa, mwingine watoto wake, mwingine uchungu wa miaka mingi ambao umekuwa sehemu ya jina lake. Na mwingine anashikilia huduma: uimbaji, mahubiri, cheo cha kanisani. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote kuiona, kwa kuwa inafanana sana na kumtumikia Mungu.

Ukishaandika, pitia kila jambo na uliweke katika moja ya makundi matatu. Nimeona watu wakihangaika miaka kwa kuyachanganya.

Kundi la kwanza ni dhambi. Dhambi haikabidhiwi kwa Mungu ili aitunze. Inaungamwa na kuachwa. Mithali 28:13 inaweka yote mawili pamoja: anayeziungama na kuziacha atapata rehema. Mtu aliye katika uzinzi hahitaji kuomba miezi mitatu "kuyasalimisha mahusiano hayo." Anahitaji kuyakata leo. Aliyeiba anahitaji kupanga jinsi ya kurudisha. Ahadi ya 1 Yohana 1:9 iko palepale, kwamba yeye ni mwaminifu na wa haki kutuondolea dhambi zetu na kutusafisha. Ila ahadi hiyo ni ya anayeziungama.

Kundi la pili ni kitu chema ulichopewa: ndoa, mtoto, kipaji, kazi, afya, ndoto njema. Hivi huhitaji kuvitupa. Unavihamisha umiliki. Ibrahimu alisafiri siku tatu kwenda Moria na mwanawe Isaka, na alishuka mlimani pamoja naye. Hana alimpeleka Samweli Shilo na akarudi nyumbani bila yeye. Wote wawili walikabidhi kikweli, na matokeo yakawa tofauti. Ndiyo maana huwezi kujitoa kwa masharti ya siri kwamba Mungu atarudisha. Kuna Wakristo wanaomtolea Mungu kitu kama mtu anayeweka rehani, wakisubiri siku ya kukikomboa.

Kundi la tatu ni mzigo: jambo usiloweza kulibadilisha hata ukikesha. Ugonjwa wa mzazi, mwenzi asiyeamini, yaliyopita, kesho. Petro anasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote, kwa kuwa yeye hujishughulisha sana na mambo yetu. Hapa kujisalimisha ni kukubali mpaka wako. Fanya sehemu iliyo yako, uache kujaribu kuwa Mungu wa mtu mwingine. Wazazi wa vijana waliopotoka wananielewa. Unaweza kupenda, kuonya, kusubiri na kuomba. Kuugeuza moyo wa mtu si kazi uliyopewa.

Hatua ya 3: Pima kama umeshaamua tayari

Kuna habari katika Yeremia 42 ambayo ningependa kila mtu anayesema "natafuta mapenzi ya Mungu" aisome. Yerusalemu ulikuwa umeanguka. Mabaki ya watu walimjia nabii wakamwomba awaulizie kwa Bwana njia ya kwenda, wakaapa kwamba watatii, liwe jema au liwe baya. Jibu lilikuja baada ya siku kumi: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wakamwambia Yeremia anasema uongo, wakaenda Misri. Ukirudi mwisho wa sura ya 41 unaona sababu: walipokuwa wakiuliza walikuwa wameshaanza safari, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu njiani kuelekea kulekule Misri.

Kwa kila jambo la kundi la pili na la tatu, jiulize: Mungu akijibu kinyume na ninavyotaka, nitafanya nini kesho asubuhi? Kama jibu la kweli ni kwamba utaendelea na mpango wako, sema hivyo. Yesu alifundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Unaweza kuomba kama yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Wafilipi 2:13 inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Hata kutaka huombwa. "Bwana, sitaki kusamehe. Nifanye nitake" ni sala nzuri, na Mungu huipokea.

Hatua ya 4: Omba sala yenyewe

Omba kwa sauti, hata kama ni ya chini. Sauti huyazuia mawazo kutangatanga, na masikio yako yanashuhudia kinywa chako. Kupiga magoti au kufungua mikono kunasaidia baadhi ya watu, si sharti. Chukua jambo moja tu kutoka kwenye orodha yako, au mawili. Fuata mwendo huu: mtambue Mungu ni nani, taja kitu kwa jina lake, sema unachokitaka, kikabidhi, omba nguvu ya utii, shukuru. Mfano:

"Baba, wewe ni mwema na hukumwachilia Mwanao kwa ajili yangu. Leo nakuletea kazi hii ninayoiogopa kuipoteza. Ningependa kubaki nayo. Nimekuambia na hujanikemea. Lakini mimi si mali yangu mwenyewe, nilinunuliwa kwa thamani. Nikibaki nayo, nibaki kama mtumishi wako. Ikiondoka, wewe hujaondoka. Nisidanganye ili kuilinda. Nipe kutii hapo nitakapotaka kugeuka. Asante kwa sababu unanisikia. Kwa jina la Yesu Kristo, amina."

Andika tarehe pembeni ya jambo hilo. Wakristo wa zamani waliona faida ya kuwa na siku inayokumbukwa. Mwaka 1755 John Wesley, mhubiri aliyeanzisha vuguvugu la Kimethodisti, aliwaongoza waumini wake London katika ibada ya kufanya agano jipya na Mungu, na mpaka leo makanisa mengi ya Kimethodisti hurudia ibada ya namna hiyo, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Tarehe yako itakufaa siku ambayo moyo utakuambia kwamba hukuwahi kumaanisha.

Kuhusu hisia: huenda ukapata amani nyingi, huenda ukalia, huenda usihisi chochote. Usitumie hisia kama risiti.

Hatua ya 5: Tii jambo moja kabla siku haijaisha

Sala ya kujisalimisha isiyofuatwa na tendo hupoa haraka mno. Chagua tendo dogo, linaloonekana, linalohusiana moja kwa moja na ulichokikabidhi. Umekabidhi kinyongo? Mwandikie yule mtu salamu fupi, au muombe msamaha kwa sehemu yako bila kumkumbusha yake. Yesu katika Mathayo 5 anasema uache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende upatane kwanza na ndugu yako. Umekabidhi fedha? Lipa deni ulilokuwa ukilikwepa, hata sehemu yake. Umekabidhi usafi wa macho? Futa kile unachojua unapaswa kufuta, usiku huu. Umekabidhi hofu ya mtoto? Leo usimpigie simu ya tano.

Kama hujui utii wako ni upi, fanya lile ambalo limeshaandikwa. Biblia husema wazi kwamba mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwetu (1 Wathesalonike 4:3) na kushukuru katika kila jambo (5:18). Anayesubiri sauti kutoka mbinguni kuhusu safari yake huku akikataa kumsamehe jirani yake ameshapewa kazi ya kwanza.

Hatua ya 6: Mwambie mtu mmoja

Mmoja, mkomavu, anayetunza siri, asiyeogopa kukuuliza maswali. Kwa mambo ya usafi wa mwili, awe wa jinsia yako. Yakobo 5:16 inaunganisha kuungama na kuombeana. Mpe ruhusa ya kukuuliza baada ya wiki mbili. Usigeuze jambo lako kuwa ushuhuda wa madhabahuni kabla halijaota mizizi.

Hatua ya 7: Fanya iwe ya kila siku

Mathayo, Marko na Luka wote wanaandika wito wa Yesu wa kujikana na kujitwika msalaba. Luka peke yake anaongeza "kila siku" (9:23). Asubuhi, kabla ya kushika simu, pitia ratiba ya siku na umkabidhi Mungu mambo yake moja moja: kikao kile, mtu yule mgumu, uchovu wangu. Mchana, unapohisi unaanza kukaza mikono, sala ya sentensi moja inatosha: "Hili ni lako." Jioni, rudi nyuma polepole kuanzia asubuhi. Ni wapi nilimwachia Mungu? Ni wapi nilinyakua? Shukuru, tubu, lala. Ignatius wa Loyola, padri aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, alifundisha uchunguzi wa namna hii katika karne ya 16, na watu wa madhehebu mbalimbali bado wanaona matunda yake. Dakika kumi zinatosha.

Usichanganye kujisalimisha na mambo haya

Kujisalimisha kwa Mungu si kujisalimisha kwa mtu anayesema kwa niaba yake. Wako viongozi wanaotumia lugha hii kudai fedha, mwili, au utii usiohojiwa. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama mafundisho ya Paulo ndivyo yalivyo. Kama mtume alipimwa, kiongozi wako naye anapimika. Mtu akikuambia kwamba ukimhoji yeye umemhoji Mungu, ondoka.

Wala si kuvumilia kupigwa. Mke, mume au mtoto anayeumizwa nyumbani anaweza kumkabidhi Mungu maisha yake na wakati huohuo akatafuta mahali salama na msaada wa sheria. Daudi alimtumaini Bwana, na mkuki wa Sauli ulipomjia aliukwepa na kukimbia.

Wala si kuacha dawa, au kukaa bila kufanya kazi ukisema umemwachia Mungu. Watu wa Nehemia, adui walipotishia, walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi usiku na mchana. Walifanya yote mawili, na hakuna aliyewaambia imani yao ni ndogo.

Mungu akisema hapana

Paulo aliomba mara tatu mateso aliyoyaita mwiba katika mwili wake yamwondokee. Hayakuondoka, alipewa neno kwamba neema inamtosha. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa. Akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, ndipo akala. Alipigania maombi hadi dakika ya mwisho, na jibu lilipokuja alimwabudu yuleyule aliyesema hapana. Ukifika hapo, lia. Usijilazimishe kutabasamu kanisani, wala usikubali anayekuambia kwamba hukuomba vya kutosha. Rudi kwenye Zaburi za maombolezo, ya 13 na ya 88, uziombe kwa jina lako.

Na utajilinganisha. Kila mtu hujilinganisha. Petro, baada ya kuambiwa kifo kitakachompata, aligeuka akamtazama Yohana akauliza, "Bwana, na huyu je?" Yesu akamjibu kwamba hilo halimpasi yeye: "Wewe unifuate mimi." Mwenzako amemkabidhi Mungu jambo lilelile naye akarudishiwa. Una ruhusa ya kuumia. Huna haja ya kutafuta fomula aliyoitumia.

Ukigundua umekichukua tena

Utakichukua, pengine ndani ya wiki. Usihitimishe kwamba sala ya kwanza ilikuwa bure, na usianze upya kwa viapo vikubwa zaidi ya vile vya mwanzo. Petro aliahidi kwenda na Yesu gerezani na hata kifoni, kisha akamkana mara tatu usiku uleule. Baada ya ufufuo Yesu hakumdai kiapo kingine. Alimuuliza kama anampenda, akampa kazi.

Fungua daftari kwenye ukurasa ule. Mwambie Mungu waziwazi, "Nimekichukua, na nilikichukua jana nilipoogopa." Andika kilichokusukuma: uchovu, habari mbaya, sifa ulizozikosa, usiku wa peke yako. Baada ya mara kadhaa utaanza kuona mlango ambao huwa unapitia, nao huo uombee na uulinde kabla haujafunguka. Kikabidhi tena, andika tarehe mpya chini ya ile ya zamani bila kuifuta, chagua utii mmoja wa leo, na mjulishe yule mtu wako anayekuombea.

Jambo la kwanza likishatulia kiasi kwamba unalitaja mbele za Mungu bila moyo kushtuka, nenda kwenye la pili katika orodha.